Mvua ya Kalehe: nani aliipima?

Mafuriko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 400 wilayani Kalehe, Kivu Kusini, hasa Bushushu na Nyamukubi. Wanasayansi wa World Weather Attribution walichunguza kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia, wakasema takwimu za mvua hazitoshi kujibu. Hii haina maana tabianchi haibadiliki. Ina maana mvua yetu haipimwi vya kutosha.

Ndugu wasikilizaji, ripoti kumi zikinakili namba moja, shahidi ni mmoja tu. Kabla wahanga hawajaambiwa wajenge wapi, tuulize: nani alipima, wapi, lini? Serikali iweke vipima mvua kwenye shule na vituo vya afya, na matokeo yasomwe redioni.