Kabla ya Titani ya Nano, Kidonda Kioshwe

Napingana na wenzangu wanaodai kwamba vyuma vya titani vyenye uso wa nano ndivyo vitakavyomaliza usaha kwenye mifupa iliyovunjika hapa Bujumbura.

Wazo lenyewe silidharau. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walionyesha kwamba bawa la nyenje lina vijiti vidogo mno vinavyopasua aina fulani za bakteria wanaotua juu yake, bila dawa yoyote. Tangu hapo maabara nyingi zimejaribu kuuchonga uso wa titani kwa mfano huo, na nyingine huongeza madini ya fedha. Lengo ni seli za mfupa ziwahi kukishika chuma kabla ya vijidudu.

Lakini mbio hizo zinamfaa zaidi mgonjwa aliyeingia chumba cha upasuaji na ngozi nzima, kama mzee anayebadilishiwa nyonga. Majeruhi wetu si huyo. Serikali ilipozipiga marufuku pikipiki na bajaji katikati ya mji, Machi 2022, ilitaja ajali. Mguu wa kijana wa pikipiki hufika mfupa ukiwa nje na udongo ukiwa ndani. Bakteria wametangulia, wamejificha katika nyama iliyokufa, mbali na chuma, na kijiti cha nano hakimuui asiyekigusa. Tena protini za damu huufunika uso ule mapema, na mizoga ya bakteria wa kwanza huwa zulia la wanaofuata. (Hili wauzaji hawalitangulizi.)

Kinachookoa mguu ni antibiotiki mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana, maji safi mengi, na mpasuaji anayethubutu kukata nyama yote iliyokufa. Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wamejaribu jambo lililo karibu nasi zaidi: kuiweka gentamisini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, moja kwa moja kwenye kidonda cha muundi. Na misumari ya SIGN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, ni ya chuma kisichoshika kutu. Huwekwa bila kuhitaji eksirei wakati wa upasuaji, na hospitali za nchi maskini hupewa bure.

Nitaambiwa nataka Mrundi abaki na vya rahisi. Sivyo. Nataka mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aende hospitalini na saa mkononi, apime dakika kati ya mlango na sindano ya kwanza, kisha aandike ni wangapi waliongoja kwa sababu ndugu zao walikuwa bado wanatafuta pesa ya dawa.