Mwana wa Nyoka ni Nyoka? Urithi, Malezi na Hukumu Tunazowapa Watoto

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema mwana wa nyoka ni nyoka. Nyingine, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi wanafunzi wa fasihi huzitaja kama mfano wa ukinzani katika methali, kisha tukaendelea na mada nyingine. Walakini, mjadala uliomo ndani yake ndio kiini cha saikolojia ya ukuaji: je, mtu huwa alivyo kwa sababu ya jeni alizorithi, au kwa sababu ya malezi na mazingira? Makala hii inashikilia kwamba madarasani mwetu methali ya kwanza imepewa nguvu isiyostahili, na wanaoumia ni watoto.

Katika shule moja ya msingi viungani mwa mji wa Machakos, nilikofundisha kwa muhula mmoja, mvulana wa darasa la pili alishindwa kabisa na zoezi la ufahamu. Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Usijisumbue, mwalimu. Baba yake nilimfundisha mimi. Hiyo ni damu." Zoezi lilikuwa la Kiingereza, nyumbani kwao mvulana huyo huzungumza Kikamba. Wakati wa mapumziko nilimkuta akiwasimulia wenzake ngano ya sungura na fisi kwa Kikamba, bila kukosa tukio wala kuusahau wimbo uliomo. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni lugha.

Hata tukikubali kwamba baba na mwana walishindwa sawasawa, hilo halithibitishi lolote kuhusu damu. Mzazi asiyejua kusoma humrithisha mwanawe jeni, lakini humrithisha pia nyumba isiyo na kitabu. Mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limelizaa jingine. Ndiyo maana watafiti huwalinganisha pacha wa kufanana na wale wasiofanana, au huwachunguza watoto waliolelewa na wazazi wasiowazaa, ili watenganishe mchango wa urithi na ule wa malezi.

Sikusudii kuukana urithi. Ugonjwa wa selimundu, kwa mfano, mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, na hakuna malezi yanayoweza kuzibadilisha jeni hizo. Hata hivyo, sifa nyingi za ukuaji hazifuati njia nyoofu namna hiyo. Mkulima wa Machakos analijua jambo hili bila kusoma saikolojia. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti kilicho papa hapa kwetu, hukomaa mapema kabla mvua yetu fupi haijakatika. Ukiyapeleka Kitale, kwenye mvua ndefu, yatashindwa na mbegu za kule zinazochelewa kukomaa. Nazo za Kitale ukizileta huku zitakauka kabla ya kubeba. Ni ipi basi mbegu bora? Swali hilo halina jibu mpaka utaje shamba.

Historia ya utafiti katika Afrika Mashariki inatoa ushahidi wa kutosha. Katika miaka ya 1950 Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga nchini Uganda, akaripoti kuwa walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya katika kukaa na kutembea. Wapo walioharakisha kusema kuwa hayo ni maumbile ya Mwafrika. Miaka ya 1970 Charles Super alifanya utafiti miongoni mwa Wakipsigisi, naye hakutosheka na kipimo: alitazama pia mama anafanya nini na mtoto kutwa nzima. Aligundua kuwa akina mama hao huwafundisha watoto kwa makusudi kukaa na kutembea, na katika mambo hayo watoto wao waliwatangulia wa Marekani. Katika kutambaa, jambo lisilofundishwa, hawakuwatangulia. Kilichodhaniwa kuwa damu kumbe kilikuwa mafunzo.

Hali kadhalika, huko Embu, watafiti waliwapima watoto wa takriban miaka 7 mwaka 1984, kisha wakawapima watoto wengine wa umri huo mwaka 1998. Alama za kundi la pili katika jaribio la kufikiri kwa kutumia maumbo zilikuwa zimepanda pakubwa. Jeni za jamii hazibadiliki kiasi hicho kwa miaka 14. Watafiti waliyataja mabadiliko ya lishe, ya elimu ya wazazi na ya ukubwa wa familia.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunahusikaje? Tunahusika kwa kuwa hukumu hizi hutolewa kwa maneno, na maneno ndiyo kazi yetu. Istilahi tunazo: jeni, urithi, malezi, sampuli. Zimebaki katika kamusi wakati neno "damu" linatamba katika chumba cha walimu. Wengi wetu tutakuwa walimu. Basi kabla ya kumwambia mtoto kuwa ameufuata ukoo wake, tujiulize tumempima kwa lugha gani, na alipata nini cha kula asubuhi ile.

Yule mvulana wa Machakos hakuwa na upungufu wa akili. Sisi ndio tulioleta mbegu ya Kitale katika shamba la Katumani, kisha tukaulaumu udongo.