Amana ya Mgonjwa na Daftari la Kijiji

Mtu wa kijiji cha Matwebe akitaka kununua ng'ombe wa maziwa hatoi fedha yake siku ile ile amwonapo. Huuliza kwanza mama yake huyo ng'ombe alikuwa akikamuliwa lita ngapi, na yeye mwenyewe amezaa mara ngapi, na kama chuchu zake zote nne ni nzima. Humwita bwana mifugo aje kumkagua. Na aghalabu hupita kwa jirani wa muuzaji, kana kwamba anaomba maji ya kunywa, apate kusikia yale ambayo muuzaji hakuyataja. Hapana amlaumuye kwa hadhari hiyo. Lakini mtu huyo huyo, akiwa kazini Mbeya au Dar es Salaam, na nyumbani ameacha mama aliyepooza upande mmoja, au mtoto asiyeweza kusema, hupiga simu kwa mtu amjuaye kwa mbali akamwambia, "Nitafutie dada wa kukaa na mama," na siku ya tatu mtu ambaye hapana amjuaye pale kijijini amekwisha kukabidhiwa ufunguo, na fedha ya dawa, na mgonjwa mwenyewe.

Sisemi haya kwa kuwadharau walezi wa ujira, hasha. Nimewaona kwa macho yangu wale waamkao usiku wa manane, mvua ya Tukuyu ikipiga bati, kumgeuza mgonjwa asije akapata vidonda vya mgongo, na wale wanaomlisha uji kwa kijiko mzee ambaye watoto wake wa kuzaa huona kinyaa kumwosha. Nao ujira wao ni haba mno. Kazi yao ni ya tangu kale, tena ni ya heshima. Torati na Kurani zote mbili zasimulia jinsi Musa, alipookotwa mtoni, alivyotafutiwa wa kumnyonyesha, na aliyemtaja mnyonyeshaji alikuwa dada yake, aliyemjua mwanamke yule kwa kuwa alikuwa mama yao mzazi. Nami sitaki zaidi ya hilo: kwamba anayekabidhiwa mtu asiyeweza kujitetea awe na watu wamjuao na kumshuhudia, na ushahidi wao uwe umeandikwa mahali.

Zamani ushahidi huo haukuhitaji kuandikwa. Wazee wetu wa Kinyakyusa waliishi katika vijiji vya marika, nyumba karibu na nyumba, na mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameeleza kwa kirefu jinsi watu walivyoiogopa pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya majirani, ambayo waliamini kuwa humletea maradhi mtu aliyewadhulumu wenziwe. Mwenye kumnyima chakula mzee wake alijua kuwa jioni ile ile habari imekwisha kuzunguka migombani. Hilo ndilo lililokuwa daftari lao, lisilo kurasa wala wino. Ila pumzi ya majirani haivuki kilima, wala haipandi basi. Na walezi wetu leo watoka wilaya nyingine, na mabinti wetu nao waenda kulea watoto wa watu katika miji ambayo sisi hatujapata kuiona.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Mlezi akionekana amemchoma mtoto kwa kijiko cha moto, au amemwacha mzee juu ya mkojo wake siku mbili, au amefanya lile ambalo ulimi hauwezi kulitaja, sisi hufanya nini? Wakubwa huketi sebuleni, huambiana kuwa mambo haya ni ya aibu, yamalizwe kifamilia. Mlezi hupewa nauli, naye huondoka alfajiri kabla majirani hawajaamka. Twaiita hiyo sitara. Nami nasema, kwa heshima zote kwa wakubwa zangu, kwamba sitara ni kufunika aibu ya mtu aliyejikwaa katika nafsi yake, si kufunika madhara aliyomtendea asiyeweza kujitetea. Kwa maana mtu yule hakwenda mbinguni, amekwenda nyumba nyingine, yenye mama mwingine aliyepooza, na sisi ndio tuliomlipia nauli.

Yaliyotokea Uingereza yatufae. Mwezi wa Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, watoto wawili wa kike wenye umri wa miaka 10 waliuawa na mtumishi wa shule. Ilipochunguzwa, ilidhihirika kuwa katika mkoa alikotoka mtu huyo, tuhuma za kuwaingilia wasichana zilikuwa zimefika kwa polisi mara kadhaa. Lakini hakuna hata moja iliyoishia kwa hukumu, kumbukumbu hazikuhifadhiwa ipasavyo, na alipoomba kazi Soham hapana lililomfuata. Waingereza walifanya uchunguzi, ripoti yake ikatoka mwaka 2004, wakatunga sheria mwaka 2006, na tangu mwaka 2012 wanayo idara moja yenye kazi ya kupekua habari za watu watakao kuhudumia watoto na wasiojiweza, na kuwazuia wasiofaa. Vijana wetu waendao huko kuwaosha na kuwavika wazee wa watu hupekuliwa kabla ya kumgusa hata mmoja, wala hawanung'uniki. Basi tunafuatia hati ya tabia njema polisi, alama za vidole zikachukuliwa, kwa ajili ya bibi wa Manchester; bibi wa Matwebe ana kosa gani?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Novemba 2014, mzazi mmoja wa Kampala, alipoona alama mwilini mwa mtoto wake, alificha kamera nyumbani, nayo ikamwonyesha mtumishi akimpiga na kumkanyaga mtoto asiyetimiza miaka miwili. Mtumishi alifungwa miaka minne. Kamera ilileta insafu, lakini ilikuja baada ya mateke.

Serikali yetu haikulala. Muuguzi na mkunga hawafanyi kazi pasipo kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka masharti ya leseni kwa makao ya watoto na vituo vya kuwalea mchana. Pengo limebaki nyumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, ambako ndiko waliko wengi wa wanaolelewa. Nayo hati ya tabia njema, ingawa ni bora kuwa nayo kuliko kuikosa, haiwezi kusema yale yaliyomalizwa sebuleni.

Kwa hiyo natoa rai. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu; uazimie kuwa kwa mtendaji wa kijiji pawe na daftari la walezi wa ujira, na nakala yake kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri huko Tukuyu. Iandikwe namba ya kitambulisho cha taifa cha mlezi, kijiji atokacho, na watu wawili waliopata kumwajiri au kumlea, nao wapigiwe simu kweli, si kuandikwa tu. Binti au shangazi amtazamaye mtu wake kwa mapenzi asiulizwe lolote. Daftari ni la ujira. Wala mlezi asitozwe hata senti.

Najua watakaosema kuwa daftari litageuka kuwa jungu la fitina, kwamba mwajiri asiyetaka kulipa mshahara wa miezi mitatu atamsingizia msichana wizi. Hofu hiyo ni ya haki, nami naishiriki. Ndiyo maana neno lolote baya lisiandikwe mpaka mwenyewe asomewe, ajibu, na jibu lake liandikwe kando yake. Na tuhuma ya kupiga au kunajisi isiishie daftarini, ipelekwe dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyo hiyo. Tena kurasa za upande wa pili ziwe za waajiri: nani aliajiri mtoto asiyetimiza miaka 14 kinyume cha sheria, nani alimpiga msichana, nani alimfukuza usiku bila mshahara. Msichana anayekwenda nyumba ya watu naye ni amana ya mzazi wake, na mzazi huyo ana haki ya kuuliza habari za nyumba hiyo kama mwenye nyumba aulizavyo habari za binti.

Daftari peke yake halilindi mtu. Mwenyekiti wa kitongoji, au mama mmoja aliyeteuliwa na jirani zake, apite kila mwezi kwenye nyumba zenye walezi wa ujira, amtume mlezi nje kwa muda, kisha akae kitandani kwa mgonjwa na kumwuliza kwa utulivu amekula nini, amelala vipi, anaogopa nini. Asiyeweza kusema aulizwe kwa ishara, na yule ndugu azijuaye ishara zake awepo. Afunuliwe shuka, mgongo wake utazamwe.