Pesa ya kampeni: usiulize tu ni ngapi, uliza ni ya nani

Wasee, kabla 2027 itufikie, tuelewane kitu moja kuhusu pesa ya kampeni.

Ukiangalia orodha ya waliomchangia Barack Obama mwaka wa 2008, jina la juu kabisa si la benki wala kampuni ya mafuta. Ni University of California. Rudi 2012, ni hao hao tena, na kila mara pesa imepita dola milioni 1. Hapo ndipo mtu anapiga skrinshoti na kuanza kelele: "Ona! Chuo cha umma kilimnunulia rais kiti!"

Pole pole, buda. Chuo chenyewe hakikutoa hata senti. Waliotoa ni wahadhiri, madaktari wa hospitali zake, makarani, kila mtu na mfuko wake. Sheria ya Marekani inasema ukimpa mgombea zaidi ya dola 200 kwa jumla, kampeni yake lazima iandike jina lako, kazi yako na mwajiri wako. Kuna watu wanachukua hizo rekodi na kuzijumlisha kwa mwajiri, ndiyo maana jina la chuo linatokea. Na 2008 mtu mmoja hangeweza kumpa mgombea zaidi ya dola 2,300 kwa uchaguzi mmoja, kwa hivyo hiyo milioni ilitoka kwa mamia ya watu.

Sasa tuje nyumbani. Sisi tuna Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tangu 2013. Imeandikwa poa, lakini uchaguzi wa 2017 ukapita bila itumike, na wa 2022 pia. Wamarekani wanabishana juu ya orodha. Sisi tunabishana juu ya fununu. Helikopta imetua uwanjani, tishati na leso zimegawanywa, na hakuna mwananchi anajua nani alilipa. Utajua baadaye, tenda zikianza kutolewa.

Kuna wanaosema orodha ni hatari: bosi akiona umechangia mpinzani wa rafiki yake, kazi imeisha. Hiyo hofu si ya bure. Kwetu kazi bado inapatikana kwa kujuana. Lakini dawa yake si giza, dawa ni kiwango. Hata Marekani, aliyetoa kidogo hatajwi jina. Basi tuweke kiwango ambacho soo tano ya nesi au ya askari wa geti inabaki siri yake, lakini milioni ya mtu wa tenda inaanikwa mchana.

Na orodha inamlinda mfanyakazi pia. Tuseme watu arobaini wa kampuni moja wametoa kiasi kile kile, siku ile ile. Hao wamechanga kwa hiari, ama bosi amepitisha pesa yake kwa majina yao? Marekani kutoa pesa kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai, na orodha ndiyo inasaidia kulinusa. Bila orodha, bosi anafanya hivyo na analala vizuri.

Kwa hivyo mwanasiasa akija mtaani kuomba kura, mwambie sheria ya 2013 ianze kazi kabla ya kura, si baada. Akisema ni ngumu, hapo umeshajua anaficha nani.

Wewe ungeweka kiwango gani? Elfu kumi? Laki moja? Niambie hapo chini.