Jiwe la mtoto wa Dar

Wiki hii naandika nikiwa Lagangabilili, Itilima, na dole gumba limevimba. Jana nilijikwaa kwenye jiwe, dogo mmoja wa bodaboda akacheka: "Pole braza, huku tunatembea tukiangalia chini."

Nikamwambia Berlin kuna mawe yamewekwa makusudi, yanaitwa mawe ya kujikwaa. Na moja ni la mtoto wa Dar. Akadhani namzingua.

Kweli tupu. Liko Brunnenstraße namba 193, tangu 2007. Ni kibamba cha shaba juu ya zege, sentimita 10 kwa 10, kama kiganja. Msanii Gunter Demnig alianza kazi hiyo mwaka 1992: kila aliyeteswa na Wanazi awe na jiwe lake mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi. Leo yamepita 100,000 Ulaya. Dole haliumii, kinachojikwaa ni macho. Ukitaka kusoma, unainama.

Mwenyewe ni Mahjub bin Adam Mohamed, Ujerumani akijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar 1904, kapigania jeshi la Mjerumani angali mtoto. Mwaka 1929 akatua Berlin kudai mishahara, wake na wa marehemu baba yake. Jibu la wakubwa? Umechelewa. Jamani!

Akabaki huko huko. Akawa mhudumu wa baa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa binti wa Kijerumani 1933, mwaka ule ule Hitler aliposhika nchi. Sinema akacheza zaidi ya 20, nyingi kama boi au askari tu. Mwaka 1941 akacheza hata ile ya kumsifu Carl Peters, yule yule aliyetupora nchi. Njaa haina adabu, bwana. Mwaka huo huo wakamdaka: kosa lake, mapenzi na mwanamke wa Kizungu. Kesi hakuna, moja kwa moja kambi ya Sachsenhausen. Akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Sisi Dar tuna Sanamu ya Askari tangu 1927, mimi nimepiga picha pale mara kibao. Imesimama kwa niaba ya maelfu, lakini haina jina la hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko dole.

Dogo alikuwa kimya muda wote. Abiria akaja, akapiga kiki, halafu akageuka: "Braza, ile mishahara ya mzee wake je, walilipa?"

Hawakulipa.