Kiziwi akiporwa Mbagala, nani atachukua maelezo yake?

MTAA NA SHERIA
Na Zuhura Mwinyimkuu

Kiziwi anayeporwa Mbagala Rangi Tatu saa tatu usiku afanye nini? Namba ya dharura ya polisi ni 112, lakini mpigaji anatakiwa kuzungumza. Akikimbilia kwa mjumbe, ataitwa mtoto wa jirani “anayemwelewaelewa”. Akifika kituoni atasogezewa kalamu na karatasi, kana kwamba kila kiziwi amebahatika kusoma. Akishindwa kuandika, ataambiwa arudi kesho na ndugu yake.

Kesho hiyo ndiyo inayoua kesi.

Tukizungumzia watu wenye ulemavu na vyombo vya dola, kwa kawaida tunaishia kwenye huruma: ngazi za kituo, kiti cha magurudumu, lugha ya staha. Hayo yote yanahitajika. Ila leo naomba tuzungumzie ushahidi, kwa sababu mhalifu hafungwi kwa huruma.

Mahakama ya Rufani ina msimamo, uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2002, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anajijengea uaminifu. Anayechelewa bila maelezo, mahakama makini lazima imtilie shaka. Msimamo mwingine, wa ripoti za mwaka 2006, unasema ushahidi bora katika makosa ya kujamiiana ni ule wa mwathirika mwenyewe. Kanuni hizi ni nzuri. Zimewaokoa waliosingiziwa na zimewatia hatiani waliotenda uovu gizani. Lakini zote zinamfikiria mtu aliyefika kituoni, akafungua mdomo na kueleweka siku hiyohiyo.

Kwa asiyeona kuna mtego wa tatu. Mahakama zetu huuhesabu utambuzi wa sauti kuwa miongoni mwa ushahidi dhaifu kabisa. Aliyeibiwa nyumbani kwake Chamazi na kijana ambaye sauti yake anaisikia kila siku dukani, anaanza safari ya haki akiwa nyuma. Mpelelezi asipotafuta ushahidi mwingine haraka, safari hiyo inaishia hapo.

Turudi kwa kiziwi wetu. Kesho yake anakuja na ndugu. Askari anamuuliza ndugu, ndugu anapunga mikono, kisha anajibu kwa maneno yake. Maelezo yanaandikwa, kiziwi anaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hajui ina nini. Miezi mingi baadaye, mahakamani, anapatikana mkalimani wa kweli na simulizi halisi inatoka. Wakili wa utetezi anasimama: mbona polisi ulisema vingine? Shahidi anaonekana mwongo kwa maneno ambayo hakuyasema.

Hapo nimechukulia kwamba ndugu ana nia njema. Katika kesi za ubakaji na ukatili wa nyumbani, huyo mkalimani wa dharura anaweza kuwa ndiye mtuhumiwa, au anakula kwa mtuhumiwa, au anataka mambo yaishe kifamilia. Kumweka katikati ya mwathirika na mpelelezi ni kumkabidhi faili.

Sheria haijatufunga mikono. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 13 inataka haki ifikike tangu hatua ya upelelezi, na inataja kwa jina mafunzo kwa polisi. Mwaka 2021 tulifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ili mwananchi aelewe kinachoamuliwa juu yake. Hoja ileile inamhusu anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania.

Majirani zetu wametangulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu mahakama kumpa mlalamikaji msaidizi wa kumwezesha kuwasiliana nayo, na mwaka 2014 wakatunga sheria maalumu ya kuwalinda waathirika wa uhalifu.

Najua jibu litakalokuja: wakalimani ni wachache na fedha hakuna. Hakuna anayedai mkalimani akeshe kila kituo, kuanzia Bunju hadi Mbande. Mikoa ya kipolisi ya Kinondoni, Temeke na Ilala ingeweza kuwa na orodha moja ya wakalimani waliothibitishwa kwa kushirikiana na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wawe na zamu, walipwe na serikali, waitwe kwa simu ya video pale wanapokuwa mbali. Kwa kiziwi ambaye hakwenda shule na anatumia ishara za nyumbani tu, aitwe pia kiziwi mzoefu wa kuwasiliana na wenzake kama huyo. Orodha hiyohiyo ihudumie Madawati ya Jinsia na Watoto pamoja na hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana, maana fomu ya polisi ya matibabu, PF3, bila mgonjwa kueleweka haimsaidii daktari.

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Hawa ni walipa kodi na wapiga kura wetu, si wageni wa kituo.

Wakati bajeti inasubiriwa, Mkuu wa Jeshi la Polisi anaweza kutoa maagizo mawili yasiyogharimu hata shilingi. La kwanza: ni marufuku kuchukua maelezo ya kiziwi kupitia ndugu pale kosa linapodaiwa kutendeka ndani ya familia. La pili: mlalamikaji asiyeeleweka akifika, iandikwe kwenye kitabu cha taarifa saa aliyofika na sababu ya maelezo yake kuchelewa, ili mahakama ijue kwamba yeye hakuchelewa. Tuliochelewa ni sisi.