Waridi la Jangwani Lipo Mbulu, Sisi Twachora Tulipu

Wenzangu wa ualimu, kila anayerudi kutoka BTP ana hadithi. Yangu ni ya ua.

Katika shule moja wilayani Mbulu nilifundisha kidato cha kwanza uainishaji wa viumbe. Andalio langu la somo lilikuwa na mfano wa tulipu, nikaichora ubaoni vizuri kabisa. Darasa zima hakuna aliyewahi kuiona, hata mimi. Tulipu za porini zinaota Asia ya Kati, kusini mwa Ulaya na kaskazini mwa Afrika, si huku kwetu.

Baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja wa upande wa Yaeda Chini akanifuata: “Mwalimu, na waridi la jangwani lina jina kitabuni?” Kwetu Hanang nimelizoea kwenye makopo, kama pambo tu. Yeye akaniambia Wahadzabe wanaliita panjube, na utomvu wake huchemshwa kuwa sumu ya mishale. Kusema ukweli, sikuwa na jibu.

Jina lipo: Adenium obesum. Forsskål alilikuta Yemen, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775 kwa jina la Nerium obesum. Mwaka 1819 Roemer na Schultes wakalihamishia jenasi ya Adenium, jina lililotokana na mji wa Aden. Linaota kuanzia Senegal hadi Somalia, Kenya, Tanzania na Uarabuni. La Afrika Mashariki liliwahi kuhesabiwa spishi ya peke yake, coetaneum, kisha likarudishwa kwenye obesum. Wataalamu bado wanabishana spishi ni ngapi.

Kumbe uainishaji ni ubishi wenye ushahidi, sisi tunaufundisha kama orodha ya kukariri! Yule mtoto anautambua mmea kwa shina, utomvu na mahali unapoota. Tayari anaainisha, ila hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni Baiolojia.

Mtasema NECTA haiulizi panjube. Sawa, lakini inauliza sifa za makundi. Waridi la jangwani lina petali 5, ni dikotiledoni. Ukitaka monokotiledoni, mahindi yako nje ya dirisha.

Basi ukifika kituoni, zunguka mazingira ya shule kabla hujaandika andalio, na waulize wanafunzi majina ya mimea. Ila utomvu wa huyu wasiuguse. Sumu yake hushambulia moyo, si mchezo.

Mimi tulipu nimeshaifuta.